Baba Hanywi Pombe

Watu wakiniuliza baba yangu alikufa kwa nini, nawaambia kikohozi. Wanaridhika. Mtu mzima, kifua, vumbi la Dar, basi wanatikisa kichwa, wanasema pole mwalimu, wanaendelea na yao. Wapo wachache wanaotaka kuchimba zaidi, na hao nawakatizaga palepale, maana nina ulimi mbaya na mtaa mzima unajua. Leo sitaki kumkatiza mtu. Nataka niseme kilichomuua baba, na nianze na mie mwenyewe.

Nyumba yetu iko Mabibo, karibu na soko, upande ule malori ya ndizi yanaposhushia mzigo. Baba na mama walitoka Kilimanjaro wakiwa vijana, baba akapata ukarani, wakajenga chumba kimoja kimoja mpaka ikawa nyumba. Mie nafundisha shule ya msingi kule Temeke. Wakati wa haya ninayoyasimulia nilikuwa na miaka thelathini na minne na bado nalala kwenye chumba changu cha utoto. Wewe kama umewahi kuwa binti wa miaka thelathini na minne kwenye ukoo wa Wachaga, unaelewa. Kama hujawahi, shukuru Mungu wako.

Baba alikuwa mlevi zamani. Nasema hivyohivyo, sirembi. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa najua kwa miguu anavyoingia getini kama mama atalia au hatalia. Halafu siku moja akaacha. Hakuenda kwa mganga, hakupelekwa popote. Aliamka asubuhi, akamwaga chupa zake kwenye mtaro, akaenda kanisani, na hakugusa bia tena. Baada ya miaka wakamfanya mzee wa kanisa. Toka hapo ikawa ndiyo sifa ya nyumba yetu. Akija mgeni na kreti la bia, mama anasema kwa sauti ya kutamba, "Karibu, lakini baba hanywi pombe." Sie watoto tulikua tukilisema neno hilo kwa majivuno, maana tulijua lilitugharimu nini.

Mbege alikuwa anakunywa. Kwenye ubatizo, kwenye harusi, akienda kwao Desemba. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona ajabu. Kwetu mbege ni ndizi na ulezi, ni chakula. Mtoto anaonjeshwa, mwanamke aliyejifungua anapewa, mzee wa kanisa anakunywa kata yake mbele ya mchungaji na mchungaji anashika ya kwake. Ungemwambia mama kuwa mumewe amekunywa pombe kwa sababu amekunywa mbege, angekufukuza na mwiko.

Kikohozi kilimwanza mwezi ule ule mchumba wangu alipoleta barua ya posa. Mchumba wangu ni fundi umeme, mtu wa Masasi, mpole mpaka unaudhika. Posa ikajibiwa, siku ya mahari ikapangwa Jumamosi, na baba huku anakohoa. Anakohoa akila, anakohoa akisali, anakohoa usiku kucha mpaka mama anahamia sebuleni. Wiki mbili hakulala. Alikuwa anakaa kitini ameshika mbavu, macho mekundu, na ukimwambia hospitali anakuambia tangawizi.

Nikamburuza. Kweli nilimburuza, siku ya Alhamisi, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mie. Akampima, akampiga picha ya kifua, akasema hakuna cha kutisha, ila mapafu yamechoka na mzee anahitaji kulala. Akaandika vidonge na chupa moja ya dawa ya maji. Hiyo chupa aliishika mkononi alipokuwa anatueleza.

"Mzee, hii ina kodeini. Ni kali. Inatuliza kikohozi na inaleta usingizi. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, usiongeze hata ukiona haikusaidii. Unatumia pombe?"

Baba akajinyoosha kitini kama anapigwa picha. "Daktari, pombe mie niliachana nayo kitambo."

"Ni mzee wa kanisa huyu," nikadakia.

"Safi sana. Basi iwe hivyohivyo, pombe hapana kabisa. Hivi viwili vikikutana mwilini, mtu analala mpaka anasahau kupumua."

Tulicheka njiani. Baba alisema, "Mwalimu, mtu anasahauje kupumua?" Alikuwa ananiita mwalimu toka nilipokuwa chuo, kwa utani kwanza, halafu likakaa. Nikamwambia labda kama anavyosahau miwani yake kichwani. Akacheka mpaka akakohoa, na mie nikamgonga mgongoni pale kituoni watu wakitutazama.

Nyumbani nikachukua plasta nyeupe, nikaibandika kwenye chupa, nikaandika kwa herufi kubwa kama za ubaoni, maana maandishi ya dukani yalikuwa madogo na baba macho hana. KIJIKO KIMOJA. MARA TATU. POMBE HAPANA. Mwandiko wangu ni mzuri, najua, wakaguzi wote wanausifu. Usiku ule alilala masaa manne mfululizo. Mama aliamka ananong'ona kwa furaha kama kuna mtoto mchanga ndani.

Sasa kwetu, siku ya mahari, upande wa mwanaume ndio unaoleta mbege. Hawa wa Masasi mbege wangeijulia wapi? Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyebeba jambo hilo. Akaenda kwa mama mmoja wa kwetu anayepika nyuma ya soko, akaagiza, wakwe wakalipia, ikaletwa Ijumaa jioni kwenye madumu, tayari kwa Jumamosi. Jumamosi asubuhi simu inapigwa: wazee wa Masasi basi limewaharibikia njiani, wamekwama barabarani. Shughuli ikasogezwa Jumapili baada ya kanisa. Chakula tukakigandisha kwenye mafriji ya majirani. Mbege ikabaki uani kwenye madumu, na joto la Dar unalijua. Jumapili shangazi alipofungua dumu la kwanza, povu lilimrukia mpaka kwenye kilemba.

"Ebo! Imekomaa hii," akasema, akalamba vidole. "Leo wakwe watatujua."

Shughuli ilianza saa nane mchana. Maturubai, viti vya plastiki, shangazi zangu na vitenge vyao, wazee wa Masasi wamechoka lakini wana adabu zao zote. Mie nimefichwa chumbani na mashoga zangu mpaka niitwe. Dakika chache kabla, nilimsikia baba anakohoa chumba cha pili, kikohozi kirefu cha kukata pumzi, na mama anamwambia tulia, tulia baba. Halafu kimya. Nikasema moyoni, asante Mungu, dawa imeshika.

Nikaitwa, nikatoka, nikaulizwa kama nawajua watu hawa, nikasema nawajua, vigelegele. Ikafika zamu ya mbege. Desturi yetu ni kwamba baba wa binti ndiye anayekunywa kwanza, kwa ile kata ya kibuyu, kisha anampa mkwe. Mpaka anywe, hakuna kilichokubaliwa. Anaweza kumpa ndugu yake amnywee, haikatazwi. Na baba mdogo, mdogo wake, alijitolea kabisa, mbele ya watu wote.

"Kaka, kifua chako hicho. Lete mie nikupokee."

Baba alikuwa ameshika kata mikono miwili. Akaitazama. Akanitazama mie, hakumtazama mama wala mchungaji, akaniuliza kwa sauti ya chini, maana mie ndiye niliyekwenda naye kwa daktari, mie ndiye niliyeandika:

"Mwalimu, kwani na hii imo?"

Naapa aliniuliza. Kila nikijaribu kukumbuka vingine, kwamba labda alikuwa anatania, labda alishaamua, nakuta ni uongo. Aliniuliza kama mtu anayeuliza, akasubiri jibu. Na mie nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimevaa kitenge cha kushona, nimengoja siku ile mpaka nimechoka kuona harusi za wanafunzi wangu wa zamani, na nilitaka kata ile ipite mdomoni mwa baba yangu. Sikutaka mdomo wa baba mdogo. Nikacheka. Nikasema kwa sauti, watu wasikie:

"Jamani baba! Hiyo ni mbege, si pombe. Kunywa baba yangu, unanichelewesha."

Watu wakacheka. Shangazi akapiga kigelegele. Baba naye akatabasamu, akainua kata, akainywa yote, hakubakiza hata tone, akaigeuza juu chini kuonyesha. Halafu wakwe wakajaziwa, akajaziwa na yeye tena ya kuwasindikiza, maana mwenyeji haachi wageni wanywe peke yao.

Saa kumi alikuwa amesinzia kwenye kiti chake. Kaka yangu na baba mdogo wakamshika huku na huku, anatembea lakini miguu mizito, wakamlaza kitandani na suti yake. Hakukohoa hata mara moja. Hebu fikiria furaha yetu. Wiki mbili mtu hajalala, leo siku ya binti yake amekula, amekunywa, amewapokea wakwe, amelala kama mtoto. Mama alitoka chumbani anafuta machozi, akasema, "Mungu amemhurumia."

Na mie nikajipa ulinzi. Nilileta kiti mlangoni kwake. Watoto wakipita wanakimbia nawafokea. Waliowasha muziki nikawaambia wapunguze. Baba mdogo alikuja na mpiga picha, wanataka picha ya pamoja kabla wakwe hawajaondoka, akataka kuingia kumwamsha. Nikasimama mlangoni.

"Humwamshi mtu hapa."

"Dakika moja tu, binti yangu. Picha ya ukumbusho."

"Nimesema humwamshi! Wiki mbili nyie mlikuwa wapi anakohoa? Mwacheni baba yangu alale!"

Akaondoka amenuna. Nilijisikia binti mwema kweli kweli. Nilikuwa namsikia baba anakoroma nyuma yangu, mkoromo wa chini, mzito, si ule wake wa siku zote. Unakuja, unakaa, unapotea. Unakuja tena. Nilidhani ni uchovu unatoka. Baadaye ukawa hauji, na hilo nalo nililifurahia, nikasema sasa usingizi umeingia haswa.

Saa kumi na mbili mama aliingia na taa kumvua viatu. Nikamsikia anaita jina lake la utoto, lile la kilugha, ambalo hakuwahi kulitumia mbele yetu. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Ukikaa ukasubiri, kifua kilikuwa kinapanda, kidogo, halafu unasubiri tena mpaka moyo wako unataka kupasuka.

Tulimpeleka zahanati ya karibu kwa gari la mkwe. Tabibu alimwekea oksijeni, akammulika macho, akasema mboni zimekuwa ndogo sana. Akauliza anatumia dawa gani. Mama akatoa chupa kwenye mkoba.

"Leo amekunywa kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, kama ilivyoandikwa," mama akasema.

"Na pombe? Amekunywa pombe leo?"

Hapo nikalipuka. Sijui niseme nini zaidi. Nililipuka, kwa hasira ya mtoto wa darasa la tatu.

"Baba hanywi pombe! Muulize mtu yeyote Mabibo hii. Ni mzee wa kanisa!"

"Dada, nauliza tu. Kuna harufu kidogo..."

"Harufu ni yetu! Tumetoka kwenye shughuli, sie wote tunanuka shughuli. Huyu hanywi, nimekwambia. Hanywi!"

Na mama akasema hanywi. Na kaka akasema hanywi, toka aache ni miaka ishirini na zaidi. Na baba mdogo, ambaye nilikuwa nimemfukuza mlangoni, naye akasema, "Kweli daktari, kaka yangu hanywi." Tulisimama wanne tukamtetea heshima yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anadanganya. Tabibu akasema basi kijiko kimoja hakiwezi kumfanya hivi, hii inafanana na kiharusi. Akaandika hivyo kwenye karatasi ya rufaa, na chini yake akaandika: ndugu wanasema hatumii pombe.

Kwenye hospitali kubwa wakaisoma karatasi ile, wakamkimbiza kwenye picha ya kichwa. Siwalaumu. Walifuata tulichowaambia. Sie tukakaa kwenye benchi, na shangazi, masikini, alikuwa anajaribu kumpa mama moyo. Akamshika mkono akasema, "Wifi, usilie. Mtu mgonjwa anakunywa vile? Kata mbili kamaliza, na mbege yenyewe ilivyokuwa kali leo."

Ilivyokuwa kali.

Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Nilikuwa nimeshasimama. Nikamkuta daktari mlangoni mwa chumba cha picha, mwanamume mtu mzima, nikamuuliza kwa adabu kabisa, kama mwanafunzi anayejua kuwa amekosa:

"Shikamoo daktari. Samahani. Mbege inahesabika?"

"Inahesabika nini?"

"Kwenye pombe."

Akanisogelea. "Amekunywa mbege? Na ile dawa?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Aligeuka akawa anakimbia, anaita mtu alete sindano ya kuvunja nguvu ya ile dawa.

Walimchoma. Ni kweli ile sindano inafanya kazi, niliona kwa macho yangu kupitia kioo cha mlango. Baba alivuta pumzi moja ndefu, akajinyonganyonga, akakohoa. Nilipiga kelele ya furaha kwa kile kikohozi. Lakini hakufungua macho. Ubongo ulikaa bila hewa muda mrefu, wakatueleza, kuanzia pale nyumbani. Wakamweka kwenye mashine. Jumanne saa sita mchana wakaja kutuambia.

Tulimsafirisha kwao, tukamzika mgombani. Kwenye msiba mbege ilipikwa kama kawaida, ikapita kwa kata, na wazee wakasema alikuwa mtu safi, hakufa na pombe mkononi. Nilikuwa naosha vyombo. Nikaendelea kuosha.

Mchumba wangu alinioa mwaka uliofuata, kimyakimya, kanisani na soda. Hakuwahi kunisema neno. Wakati mwingine ningependa aniseme.

Ila nilichotaka kukisema ni hiki. Tuliporudi Mabibo baada ya msiba, mimi na mama tulikaa kutoa nguo za baba. Chupa ilikuwa imerudishwa na vitu vyake kutoka hospitali, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na saa na miwani. Mama aliitoa, akaiweka kitandani katikati yetu. Ilikuwa imebaki chini ya nusu. Chupa iliyotumika siku tatu tu. Hata mie ambaye si daktari niliona hesabu haiendi.

"Mama."

"Najua."

"Mama, ulisema kijiko kimoja."

Akaanza kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Alikuwa anaogopa kukohoa mbele ya wakwe. Alisema atamwaibisha mwalimu wake. Akaigida hivi, mdomoni, mbele yangu, mara mbili. Nikamwambia si kijiko? Akasema leo tu. Nikanyamaza. Na pale zahanati niliona haya kusema, mtu mzima kama yule kanywa dawa kama mtoto mwizi wa sukari."

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo niliufungua. Nilikuwa na maneno yote tayari, unanijua mie, ya kummaliza mama yangu pale pale kitandani: kwamba angesema, kwamba tabibu angejua, kwamba amemuua. Halafu nikamwona jinsi alivyokuwa ananingoja niyaseme. Alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, tayari.

"Aliniuliza mie," nikasema. "Kata alipoishika. Aliniuliza kama na mbege imo."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mwanangu. Nilisikia ulivyomjibu."

Wiki zote zile alikuwa anajua nusu yangu ya kosa, na hakuitoa. Nje soko lilikuwa linafunga, watu wanagombana bei za mwisho za ndizi. Mama akachukua chupa, akaisogeza karibu na macho, akausoma ule mwandiko wangu mzuri polepole, neno moja moja, kwa kidole, kama wanavyosoma watoto wangu wa darasa la kwanza. Kijiko kimoja. Mara tatu. Pombe hapana.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kila kitu kipo."

Nikamwambia, "Hakipo, mama," nikainuka kwenda kutafuta kalamu.